Kura Yetu Ilikuwa kwa Shemasi

Shemasi alikuwa na vita na nguzo za umeme. Wazee wa rika lake walikuwa na vita na kisukari au na wakwe; yeye, nguzo. Hapa Johannesburg, ukitoka Hillbrow kuja Yeoville kwa miguu, kila nguzo na kila pipa la taka limebandikwa vikaratasi: tunatoa mimba, siku hiyo hiyo, bila maumivu, piga namba hii. Shemasi alipanga Hillbrow na karakana yake ya ushonaji ilikuwa Yeoville, kwa hiyo kila asubuhi alipita katikati ya maadui zake. Alitembea na mkasi mkongwe mfukoni. Akifika kwenye nguzo anavua kofia, anaanza kukwangua. Watu wanaowahi kazini wanampita, teksi zinampigia honi, yeye anakwangua tu kama mwanamke anayeparuza sufuria iliyoungua ugali.

Kesho yake vikaratasi vimerudi. Wabandikaji walikuwa na gundi nzuri na miguu myepesi. Nikamwambia, "Shemasi, hawa unawapa ajira. Ukiacha kubandua, nani atawalipa wabandike?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Mama Dagaa, shetani hana likizo. Na mimi sina."

Hilo la Mama Dagaa nilipewa na Wakongo wa kanisani kwetu, kwa kuwa nilikuwa nauza dagaa wa Kigoma na mawese pale sokoni Yeoville. Yeye simtaji jina, na sioni kosa, maana hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Shemasi, wakiwa wanagombana pia, na waligombana vizuri sana.

Juu ya vile vikaratasi tulikubaliana nusu. Mie nimezaa, nimezika, nimeshika mikono ya wasichana wengi wakati wa uchungu. Wale wa kwenye nguzo si madaktari, ni wachinjaji wa vichochoroni, na aliyewabandua nilimwombea afya. Lakini nikamwambia kwamba msichana aliyeamua, heri aende hospitali ya serikali akutane na nesi aliyenawa mikono. Hapo tukaachana. Kwake nesi na mchinjaji walikuwa mizani moja. Alisema sheria ya nchi hii ilikosewa tangu kukatwa kitambaa, na kwamba watu wa dini walikwenda mahakamani kuipinga wakarudi mikono mitupu. Akisema "mahakama" alishusha sauti, kama anataja ugonjwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba kama futi yake ya kupimia. Suti yake ya kahawia alijishonea mwenyewe, na ilipopauka akaifumua yote, akaigeuza ndani ikawa nje, akaanza kuivaa upya. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni ya kusuka na duka la simu. Alikuwa fundi hasa, hilo sitamnyima. Koti lake ukilivaa, mabega yanakaa yenyewe. Tatizo lilikuwa mdomo. Akikupima kiuno anauliza umebatizwa lini. Akifika kifuani anauliza habari za ndoa. Ukiwa na jambo la kuficha, heri ununue nguo ya dukani. Alilia miaka yote kwamba mashati ya Kichina yamemnyang'anya wateja, na ni kweli yaliwanyang'anya, lakini mie naamini nusu yao hawakuikimbia bei, waliyakimbia maswali.

Akilishika shati la dukani alilinyanyua juu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Tazama mshono huu. Aliyeushona alikuwa anakimbizwa." Alitaka serikali iyatoze ushuru mashati hayo mpaka yaone haya kuvuka mpaka. Sasa, redio yake ilitoka huko huko China. Mkasi wa nguzo, China. Uzi, sindano, hata ile futi. Nilipomwonyesha maandishi mgongoni mwa redio, mjukuu wangu akiwa amenisomea, alijibu kwamba redio haivaliwi.

Mjukuu wangu ni Zawadi, na niseme bila haya, yule mtoto ana kichwa. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anajibu Kiingereza, na akikasirika Kizulu. Mie shule nilichungulia tu. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea Shemasi magazeti ya watu wakubwa, yale yenye habari za forodha na mahakama, naye Shemasi alimlipa kwa kumshonea sare ya shule iliyokaa vizuri kuliko ya mtoto yeyote wa Yeoville. Hilo nalo niliwaambia watu wengi.

Redio ile aliitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na kwa ajili yake niliufahamu uchaguzi wa Marekani kuliko ugonjwa wangu wa magoti. Mwaka 2008 walipokuwa wanatafuta rais wao, saluni ya jirani nywele zilisukwa upande, maana wasusi walikuwa wanabishana. Kila mtu alikuwa na mgombea wake, kwa sura, kwa mwendo, kwa mke. Shemasi aliwapima wote kwa swali moja: huyu akipata nafasi ya kuteua majaji wakubwa, majaji hao watasema nini juu ya mtoto aliye tumboni? Mengine yote, vita, mabenki, mafuta, aliyaita vifungo. Kifungo unaweza kukibadilisha hata nguo ikiwa mwilini.

"Rais ni shati," alisema. "Jaji ni ngozi."

Msusi mmoja akamwambia, "Papa Shemasi, lakini wewe Marekani huna kura."

"Na wewe huna mchumba. Mbona kila wiki unakuja kuchagua gauni la harusi?"

Miaka minne baadaye Wamarekani wakachagua tena, naye akawapima tena kwa swali lile lile. Hakuna hata mara moja niliyomsikia akifurahia matokeo ya mahali popote.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa jiwe. Palikuwa na binti akishona kwake, Furaha, Mkongo, mikono miepesi na ulimi mwepesi zaidi. Akapata mimba, na aliyempa mimba akapata safari. Kanisani kwetu hilo lina utaratibu wake: msichana anatengwa, anakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana haigusi mpaka wazee waridhike. Aliyesimama mbele kusoma uamuzi ule alikuwa Shemasi, kwa sauti ya kuvunja vioo. Hiyo ni Jumapili. Jumatatu nikapita karakana nikakuta cherehani ya Furaha imesogezwa dirishani apate hewa, na Shemasi anamfungulia mishono ya gauni ubavuni aongeze upana, huku anamgombeza. Furaha anamjibu, "Nigombeze, Papa, ila usinibane kwapa." Mtoto akazaliwa wa kike, akakulia chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitenge.

Habari ya Shemasi kuwa raia wa nchi hii ilianzia mbali kidogo. Mwaka ule ule wa 2008, mwezi wa tano, vurugu zilipoanza Alexandra na wageni wakaanza kuchomewa vibanda, Shemasi alikuwa bado anakaa kule. Alitoka na cherehani kichwani, mkewe nyuma na mabunda. Mkewe hakuwahi kumsamehe kwamba alichokishika kwanza kilikuwa cherehani. "Mimi nina miguu," alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "lakini na mashine ingeweza kuburutwa." Walipotulia Hillbrow, Shemasi aliapa kuufuata uraia mpaka aupate. Alisema anataka siku moja nchi hii imhesabu kabla haijamfukuza. Alipanga foleni Pretoria miaka, na mwishowe akarudi na kitambulisho cha kijani. Jumapili ile kilizungushwa benchi hadi benchi kama mtoto mchanga. Sisi wengine wote tulikuwa watu wa vibali.

Sasa sikiliza desturi yetu. Kanisani kwetu mwenye gari, gari lake ni la misiba ya wote. Mwenye chungu kikubwa, chungu chake ni cha harusi za wote. Shemasi akawa mtu pekee mwenye kura. Nani alisema kura hiyo ni yetu? Hakuna aliyesema. Ilijulikana tu.

Uchaguzi wa 2014 ulipokaribia, karakana ikageuka baraza. Vyama vilikuwa vingi, lakini kwetu vilibaki viwili, na majina tuliwapa wenyewe. Kimoja tulikiita chama cha Biblia. Mtu wao alikuja kanisani akaahidi kuifuta sheria ya kutoa mimba, akaongeza kwamba mipaka ifunguliwe, bidhaa ziingie bila ushuru, maskini wanunue rahisi. Cha pili tulikiita chama cha cherehani. Mtu wao alisimama barabarani Yeoville na kipaza sauti, akaapa kwamba nguo za kigeni zitatozwa ushuru mpaka viwanda vya hapa vifufuke. Aliulizwa juu ya mimba, akasema sheria itabaki ilivyo, mahakama zimekwisha kusema, na mwanamke ana haki yake.

Unaona kilichompata. Roho yake kule, tumbo lake huku.

Kwanza alitaka kujua rais yupi ni yupi. Zawadi akamweleza kwamba hapa humchagui rais, unachagua chama, halafu bunge ndilo linamchagua rais. Shemasi akaweka mkasi chini. "Yaani nishone suti, mvaaji nitamwona siku ya harusi?" Alisusia habari za siasa kwa siku nzima.

Mchungaji alitangaza kwamba kura ya kanisa ni ya Biblia, tuombe. Mafundi wa mtaani walimletea Shemasi soda. Mie nami nilikwenda, kwa nini nifiche? Nilikuwa upande wa Biblia kwa ajili ya dagaa wangu. Kila mzigo ukivuka mpaka, mtu wa forodha anaukodolea macho kama umeiba. Nikamwambia, "Shemasi, Mungu anataka mipaka wazi."

"Mungu anataka, au dagaa wanataka?"

"Dagaa ni viumbe wake pia."

Lakini aliyempata hasa alikuwa Furaha. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Hakuacha kushona. Akasema, "Papa, chama chako kikishinda, watoto watazaliwa. Wangu nimekwisha kumzaa, hapo umeshinda tayari. Sasa mashati yakiingia bure, karakana hii inafungwa. Nitamlisha nini?"

Shemasi akafungua mdomo.

"Aya naijua," Furaha akasema. "Naomba jibu."

Shemasi akatoka nje akasimama kwenye ukingo wa barabara, mikono nyuma, akaangalia roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, ikibadilika nyekundu, kijani, nyekundu. Kwa watu wa kanisa letu ilikuwa hoja ya kunywea chai. Kwake ilikuwa hivi: amsaliti Mungu wake, au awatoe mafundi wake barabarani kwa mkono wake mwenyewe. Alianza kukonda. Mkewe alisema usiku anapima hewa kwa vidole.

Siku ya kura tulimsindikiza. Baridi ya mwezi wa tano, Mchungaji na tai, kina mama wa kwaya na mablanketi, mie na chupa ya chai. Kituo kilikuwa ukumbi wa shule. Mlinzi wa mlangoni akatutazama kundi zima. "Nani anapiga kura?"

Tukamwonyesha Shemasi.

"Eish. Na nyinyi?"

"Sisi ni wenzake," Mchungaji akasema.

"Mnamleta kuoa?"

Akaingia. Walioingia baada yake wakatoka. Bibi mmoja wa Kizulu aliyetembelea mkongojo akaingia, akatoka, akanywa chai yetu, akaenda zake. Mchungaji akatazama saa mpaka nikadhani ataimeza. Mwishowe Shemasi akatokea, wino kwenye ukucha wa dole gumba, uso kama mtu aliyevalishwa kiatu cha mwenzake.

"Wamenipa mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Karatasi. Ndefu na fupi. Ndefu ya taifa, fupi ya jimbo. Kila moja ina kura yake."

Miezi yote ile tulikuwa tumevutana, tumefunga na kuomba, tumenuniana hadi kunyimana chumvi, kwa ajili ya kura moja, na kumbe hapa mtu anapewa mbili. Wenyeji wanalijua hilo kama wanavyoijua njia ya jikoni. Sisi watu wa vibali tungelijulia wapi?

Mchungaji ndiye aliyezinduka kwanza. "Basi sifa kwa Mungu. Zote mbili umewapa Biblia?"

Shemasi akavaa kofia. "Kura ni siri, Mchungaji. Imeandikwa ukutani mle ndani."

Huyo ni mtu aliyekuuliza habari za ndoa yako akiwa amekushika kifua na futi. Jumapili wazee walimweka kikao, akarudia hilo hilo: imeandikwa ukutani. Mchungaji akahubiri juu ya watu wenye mioyo miwili, akimtazama uso kwa uso. Wengine wakasema ameasi, ndiyo maana amefunga mdomo. Mkewe naye hakujua, na hilo lilimuuma kuliko cherehani ya Alexandra. Zawadi aliponieleza, nikaona mambo ni mabaya zaidi. Alisema sheria ya mimba na ushuru wa forodha vyote vinatungwa kule kwa karatasi ndefu. Fupi ni ya barabara na zahanati. Kwa hiyo kura ilikuwa ile moja tu, pale pale. Nikalimeza hilo, sikumwambia mtu.

Hakuna hata kimoja kati ya vyama vyetu kilichopata nchi. Mashati yakaendelea kuingia. Kabla mwaka haujaisha karakana ikafungwa, saluni ikavunja ukuta ikaongeza viti. Shemasi aliacha kuja kanisani mapema, akawa anaingia wimbo wa pili umeanza, anatoka kabla ya baraka.

Nilimkuta mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimekwenda kwenye lile soko kubwa la bidhaa za Kichina kusini mwa mji, kumnunulia Zawadi begi, maana amepata nafasi ya chuo kikuu, na hili nalisema tena kwa atakayetaka kusikia. Mlangoni pa soko, chini ya turubai, cherehani mbili. Kwenye moja, mgongo ninaoujua wa suti ya kahawia. Kwenye nyingine, Furaha, mtoto wake amelala kwenye kanga. Kando yao rundo la suruali mpya, zenye vibandiko bado.

"Zinakuja ndefu zote," Shemasi akaniambia kabla sijamsalimu. "Huko wanadhani sisi ni twiga. Mtu ananunua ndani, anakata hapa."

"Unazikunjia pindo suruali za Wachina."

"Na mshono wangu ndio utakaobaki wa mwisho, utaona."

Akanipa kiti. Tukaongea habari za magoti, za mkewe, za bei ya dagaa. Kisha nikaona mie ni mzee, na yeye ni mzee, tutangoja nini. Cherehani ya Furaha ilikuwa inapiga kelele, nikashusha sauti. "Shemasi, mie si baraza la wazee. Ndefu ulimpa nani?"

Akalainisha kitambaa juu ya goti. "Ndefu nilimpa Mungu."

"Na fupi?"

"Fupi niliwapa cherehani."

"Ulijua fupi haifiki forodhani?"

"Binti wa meza ya karatasi alinieleza. Nilimrudia tena nikamuuliza, akanieleza tena. Nilisimama mle ndani nazo mkononi nikijua."

"Basi ulifanya walichotaka. Mbona hukumwambia Mchungaji? Angekubeba mabegani."

"Ndiyo maana. Jumapili ile Furaha alikuwa amekaa palepale benchi la nyuma na mtoto mgongoni. Nisimame mbele yake nipigiwe makofi kwa kumnyima kazi?"

Halafu nikamuuliza kama anajuta.

"Kila suruali."

"Na wakikupa karatasi tena leo?"

"Nitampa Yeye tena. Halafu nitajuta tena."

Mteja akaja, kijana ameivaa suruali yake mpya, imemfunika viatu. Shemasi akapiga magoti mbele yake, akachukua pini kutoka kwenye kopo akazibana mdomoni, akaanza kukunja. Ndipo nilipotambua kwamba cherehani ya pili imenyamaza kitambo.

Furaha hakugeuka. "Mungu asingekasirika kupewa fupi, Papa," akasema. "Kila Jumapili tunampa sarafu, na hajawahi kulalamika."

Shemasi akabaki amepiga magoti. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa koti, mpaka zikaisha. Akafungua mdomo. Kijana akangoja na mguu mmoja mbele. Mie nikangoja. Furaha akangoja, sindano juu.

Shemasi akazichomoa zile pini moja moja, akazirudisha mdomoni, akainamia pindo.